Sauti ya Mke Mwenza

Ubongo wa Makame ulielea hewani katikati ya chumba, mkubwa kama tenga, ukiwaka rangi. Mwenyewe alilala ndani ya kimulikabongo, macho wazi, kimya kama alivyokuwa tangu sonona ilipomshika. Mashine ile ilichora hewani kemikali za ubongo zinavyotiririka: buluu ya utulivu, nyekundu ya hofu. Dakta Kessy alitafuta sauti itakayoamsha buluu, aitie katika kidude cha nyuma ya sikio, kiwe kikimnong'oneza mgonjwa kutwa.

"Sauti hii ni yako, dada Hidaya," alisema daktari.

Hidaya, mkewe Makame, akajisikia mwenyewe akisema, "Baba Zuwena, meza dawa basi." Picha yote ikawa nyekundu.

"Mashine yako mbovu," alisema.

"Sasa hii. Tumeitoa kwenye video zenu za zamani."

Kicheko cha Salima kikajaa chumbani. Huyo ndiye mke mwenza aliyedai talaka ugonjwa ulipoanza, akaondoka hata masufuria hakuosha. Buluu ikapanda taratibu, ikaenea kote.

"Kwa nini yeye?" Hidaya aliuliza. "Ninayemwogesha ni mimi! Yeye hata salamu haleti!"

"Ndiyo sababu. Sauti yako imefuatana na dawa miaka yote hii. Ya kwake, ubongo uliizoea kabla ya maradhi. Hayo si mapenzi, ni mazoea."

"Daktari, hujapata kuwa na mke mwenza. Usinifundishe."

Kessy akaigeukia mashine. "Ukikataa, tutamrudisha kwenye vidonge. Unajua vilivyomfanya."

"Kwa hiyo nikampigie magoti Salima?"

"Hapana. Mashine inaazima sauti tu. Maneno atayasema mtu mwingine, anayemjua mgonjwa."

Hidaya aliitazama ile buluu. Aliichukia kuliko alivyowahi kumchukia Salima mwenyewe. Kisha akavuta kipaza sauti.

"Nipe mimi."

Akanong'ona, "Maka," jina ambalo mwenzake alikuwa akimwitia. Kule ndani alisikika Salima, mzima mzima. Midomo ya Makame ikatikisika.

"Salima? Umerudi?"

Hidaya alishika ukingo wa meza.

"Nimerudi," Hidaya akajibu. "Inuka ukae. Hidaya amekupikia."