Sahani Nisiyowawekea Wageni

Kila mwaka mnaniuliza kwa nini sahani ile nyeupe siwapakulii. Leo nasema, halafu mniache.

Mwaka 1979 wifi yangu Mardhiya alikuwa akisafisha nyumba ya mapadri wazee, Walthamstow, huku huku London. Jumanne moja asubuhi akaja kwangu Ilford, akakaa jikoni, chai ikapoa mbele yake. Mwanawe Sheikha, wa miaka sita, alikuwa na homa wiki ya tatu, na hospitali hawaoni kitu.

Akanieleza habari za sanamu ya Yesu iliyoletwa kutoka Meksiko, iliyokuwa stoo ya mapadri. Padri Telesphor, mtu wa Bukoba, ndiye aliyemsimulia. Zamani hizo mapadri wa Kispania walikwenda huko kuwabatiza Wanahua, wenyeji wa nchi ile, wakawaagiza wawatengenezee Yesu. Wanahua wakamtengeneza kwa mabua ya mahindi, kama walivyozoea kutengeneza miungu yao, mwepesi, wa kubebwa kwa mkono mmoja. Mapadri wakafurahi. Hawakujua kuwa tumboni mwake Wanahua wamekunja karatasi za dua zao wenyewe, zimechorwa kwa wino mwekundu. Kina mama walikuwa wakileta watoto wagonjwa pale, wakapona.

Mardhiya akafungua mkoba. Karatasi moja alikuwa ameichomoa.

"Wifi, dua ni dua," akaninong'oneza. "Nipe sahani na marashi."

Nilijua anataka kufanya kombe. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, akanywa. Lakini hizi dua za watu tusiowajua, jamani? Ulimi ninao, mnanijua. Siku ile nilinyamaza, nikatoa sahani ile nyeupe, akauosha wino wa karatasi humo kwa marashi.

Sheikha alikunywa adhuhuri. Alasiri homa haipo, anaomba mahindi. Mardhiya alilia kwa furaha, na mimi nikalia.

Siku ya tatu akaniambia mtoto kawa mwepesi. Nikamkejeli, mgonjwa huyo, ulitaka awe gunia? Lakini mtoto alikuwa akila. Mahindi tu, kutwa, anacheka, mashavu yamejaa. Tukampima, ratili thelathini, uzito wa mtoto wa miaka miwili. Wiki iliyofuata, kumi na mbili.

Tukampelekea Padri Telesphor karatasi yake. Haikuwa na wino tena. Alitusikiliza, akatupeleka stoo, akaishika sanamu kwa mikono miwili. Haikuinuka.

"Mwezi uliopita niliihamisha peke yangu," akanong'ona.

Mardhiya aliikumbatia. Ilikuwa na joto.

"Mrudishe mwanangu, padri. Isomee dua yake."

"Siijui, mama. Sisi tulikwenda kufundisha. Hatukuwauliza kitu."

Sheikha alikufa Ijumaa asubuhi. Mashavu yale yale, kicheko kile kile. Nilimwosha mimi, na nilimgeuza kwa kidole kimoja. Babake alimbeba kama nguo iliyokauka. Mardhiya hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniua.

Mapadri walihama. Stoo ikafungwa na sanamu ndani, maana wanaume sita hawakuweza kuitoa.

Sahani nimeisugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa majivu. Haina doa. Miaka yote naishusha kabatini mwenyewe kuipangusa vumbi, mwanzo kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili. Leo imenishinda. Nikamwita Avtar, jirani yangu, tuishushe pamoja.

Akaniuliza kwa nini ina joto.