Sufi ya Kochi la Marehemu

Asubuhi hiyo stuli ilikuwa ya moto.

Chuma alifika karakana kabla ya watu wote, akafungua kufuli kwa ufunguo wake, akafagia vipande vya vitambaa vya jana, kisha akakaa ili aanze kazi. Aliruka kama aliyekalia sindano, na kwa fundi wa makochi hilo ndilo la kwanza kuangalia. Hapakuwa na sindano. Mto wa stuli ulikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi ili akupishe. Alichungulia nyuma ya mbao, akachungulia stoo, hakuona mtu. Akajiambia ni jua, ingawa dirisha la upande ule lilikuwa bado limefungwa.

Chuma si jina alilozaliwa nalo. Walimpa mafundi wenzake siku alipobeba kochi peke yake kutoka garini hadi ndani, huku wanaume wawili wakibishana nani ashike upande upi. Kila alfajiri alikimbia hadi darajani na kurudi. Kila jioni alinyanyua vyuma barazani kwao, amelala chali kwenye benchi alilolitengeneza kwa mikono yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na viti kwake vilikuwa vya kutengenezwa, si vya kukaliwa.

Sasa nikwambie kosa lake, maana mwizi wa hadithi hii sina haja ya kumficha.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo mwenye karakana, waliyemwita Bosi, aliirudia mpaka ikachosha masikio: ujazo wa zamani wa kochi la mteja haulali hapa. Ukishalifumua, kilichomo ndani kinachomwa siku hiyo hiyo, kiwe kizuri kiwe kibovu, kwa sababu kimekunywa jasho na usingizi wa nyumba ya watu. Mafundi walidhani ni mambo ya usafi tu. Basi wiki moja kabla ya asubuhi ya stuli, likaletwa kochi la mama mmoja marehemu. Chuma alipolifumua alikuta sufi ya mti, nyeupe, laini, si hii sponji ya siku hizi inayobonyea kabla mteja hajafika kwake. Moyo wa fundi ni mwepesi kwa kitu kizuri. Alichoma gunia tupu ili moshi uonekane, akajaza sufi kwenye mto wa stuli yake na mto wa benchi lake la mazoezi, na iliyobaki akaificha nyuma ya stoo.

Uchovu ulimwingia kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Kwanza aliacha kufika darajani, akawa anaishia njia panda. Baadaye akawa anaishia getini. "Nitaanza Jumatatu," alisema, na Jumatatu zikapita nne. Chuma cha kilo sitini kikawa cha arobaini, na cha arobaini kikawa cha kuanikia taulo. Karakana alikuwa akipiga mshono mmoja kisha anatazama ukuta, na mshono wenyewe umepinda. Bosi alimwondoa kwenye makochi, akampa kazi ya kuvika vifungo vitambaa, kazi wanayopewa wanaoanza.

"Chuma kimeshika kutu," alisema Msumari, seremala wa karakana, na watu wote wakacheka. Chuma naye akacheka. Kisha akaenda chooni akalia.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa muuguzi, alimkokota hospitali akapimwa kila kinachopimika.

"Damu nzuri, sukari nzuri, tezi nzuri," dada alisema, karatasi mkononi. "Huna mimba?"

"Labda ya kochi."

"Usinichekeshe, mdogo wangu, mwenzio naogopa. Umelala saa kumi na mbili nzima na umeamka umechoka kuliko ulivyolala."

Chuma hakumwambia mengine. Hakumwambia kwamba kila alipoinuka kwenye stuli mto ulishusha pumzi. Mito yote hushusha pumzi, fundi anajua, lakini huu ulingoja mpaka yeye afike mlangoni. Wala hakumwambia habari ya harufu iliyomfuata toka karakana mpaka barazani, harufu ya shuka alilolilalia mgonjwa siku nyingi, jasho kavu na mafuta ya nywele ya kizamani.

Jioni moja, jua lingali juu na watoto wa jirani wakigombania mpira, alijilazimisha kulala kwenye benchi. Alishika chuma chepesi cha kuanzia, akakishusha hadi kifuani, na kilipotua akahisi mto chini ya shingo yake ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, wala si kwa pumzi yake kwa kuwa yeye alikuwa ameibana, na harufu ile ikamjaa puani, na vidole visivyo na mkono vikaanza kumchambua nywele za kisogo polepole kama mama anayemtafuta mtoto chawa, na sauti ya upole, ya upole kabisa, ikasema karibu na sikio lake, "Pumzika, mwanangu. Umefanya vya kutosha."

Aliogopa, lakini aibu yake ilizidi hofu, kwa sababu alitaka kutii. Alibaki amelala na chuma kifuani mpaka dada yake alipomkuta akamwondolea.

Kesho yake binti wa yule marehemu, mwalimu wa shule, akapita karakana.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Kochi la mama alilirithi baba, akawa hainuki. Tangu mlibadilishe ndani anakaa, anainuka, jana kaenda kunyoa mwenyewe. Nilitaka tu kuuliza, ule ujazo wa zamani mliuchoma?"

"Unachomwa siku hiyo hiyo," Bosi alijibu kutoka ofisini, bila kutoka. "Ni sheria."

Mwalimu akamgeukia Chuma, akashusha sauti. "Mama alikuwa anafundisha michezo, dada yangu. Alikuwa anatushinda mbio sisi wanawe. Siku moja akakaa apumzike kidogo. Akakaa miaka tisa, mpaka tulipomtoa kwenda kumzika. Alikuwa anasema kuna mtu anamhurumia."

Kifungo kilimdondoka Chuma. Aliona miaka yake tisa imepangwa mbele yake, yeye amekaa, dada yake akimlisha kwa kijiko. Mwalimu alipoondoka tu, alimvuta Msumari nyuma ya mbao akamwambia yote. Msumari hakucheka safari hii. Alikuwa na shangazi yake aliyeuza ndoo mbele ya nyumba na kutibu wenye majini nyuma, akampigia simu kumweleza habari ya stuli, na saa hiyo hiyo akampeleka Chuma kwake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Hawakuona kitu."

"Vizuri. Anayeanzia kwangu huwa namrudisha." Shangazi alimnusa shingo, akakunja uso. "Ee. Hili ni jini mkalisha. Halinyongi mtu, halimwangushi mtu. Linakuhurumia mpaka unakwisha."

"Naenda kulichoma sasa hivi!"

"Kwa nguvu zipi? Ngazi tatu za hapo nje umezipumzikia mara mbili, nimekuona. Ukilifumua leo litakukalisha katikati ya mshono, na ukikaa hapo ndiyo basi tena."

"Basi nitolee wewe, Shangazi, nakuomba."

"Nikikutolea mimi, wewe utakuwa umesimama lini?" Shangazi alimtazama bila huruma hata chembe, na Chuma, aliyekuwa amehurumiwa mpaka akaoza, alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi akayapenda. "Siku saba. Leo inuka kwenye stuli hiyo mara kumi. Usingoje kuitwa, usingoje sababu. Inuka, nenda mlangoni, rudi. Kesho kumi na mbili. Na usingoje hamu, hamu ndiyo chakula chake, limeshaila. Siku ya nane fumua kwa mkono wako, umesimama, mpaka majivu. Likikusemesha usijibu."

Mara kumi ni nini kwa mtu aliyewahi kubeba kochi? Siku ile zilimtoa jasho la kwapa. Msumari alimhesabia huku akipiga randa. Siku ya pili alifika kumi na mbili kwa kushika ukuta. Siku ya tatu, mchana kweupe, aliinuka mara ya sita, akavuta miguu hadi mlangoni, na nyuma yake akasikia kitu kikikwaruza sakafu, krr, krr, hatua kwa hatua naye, na aliposimama nacho kikasimama, na alipogeuka akakuta stuli haipo tena penye meza ya kazi, ipo nyuma ya magoti yake, karibu kabisa, imetulia, mto umetuna tayari kumpokea.

Randa ilikuwa imenyamaza. Msumari alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Umeiona?" Chuma alinong'ona.

"Nimeiona."

"Basi hesabu."

"Chuma, tukimbie..."

"Hesabu, nimesema!"

"Sita," Msumari alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Akaizunguka stuli, akairudisha penye meza mwenyewe, akakaa, akainuka. Saba. Alikuwa na hasira sasa, na hasira ilikuwa tamu, alikuwa ameisahau ladha yake.

Siku ya nane aliibeba stuli hadi uani kwao, akaiweka juani pembeni ya benchi alilolitoa barazani. Dada yake, aliyekuwa ameambiwa yote, alisimama na mafuta ya taa na kiberiti. Chuma alianza na benchi, uzi baada ya uzi, na mto ukafunguka. Sufi haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa na unyevu kama ndani ya mdomo, imejisokota misuko mirefu kama nywele, mingine myeusi, mingine ya mvi, ya vichwa vingi. Akaitupa chini akageukia stuli, na mkasi ulipogusa mshono wa kwanza magoti yakamlegea, jua likawa zito mabegani, kope zikashuka, na sauti ikaja, ya upole kama siku ile, ikamwambia mimi sikukuletea uchovu, mwanangu, nilikukuta nao, ulikuwa unabeba makochi ya watu na kukimbia gizani na hakuna hata mmoja aliyekuambia pole, mimi ndiye niliyekuambia, kaa, kaa kidogo tu, mshono utakungoja, na ubaya wake ni kwamba yote yalikuwa kweli, na mapaja yake yakaanza kushuka yenyewe.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona, "unakaa. Unakaa!"

Shangazi alisema asijibu. Chuma akajibu.

"Nimechoka, ndiyo! Nimechoka leo, na kesho nitachoka tena. Lakini uchovu ni wangu, nimeufanyia kazi, sikukuajiri uutunze. Toka kwenye kiti changu!"

Akaukata mshono wote kwa mkupuo mmoja. Sufi ilimwagika, kiberiti kikawaka, na moshi ulipopanda ukasikika mwayo mrefu, mrefu mno, hata dada akapiga mwayo, na watoto wa mpira barabarani wakakaa chini wote kwa pamoja. Kisha mmoja akainuka, akapiga mpira, wakaendelea.

Jumatatu Chuma alikimbia. Miguu ilimuuma, akaishia njia panda, akarudi akihema na kutukana. Karakana akaenda nyuma ya stoo kuchukua sufi iliyobaki akaichome. Haikuwepo. Msumari aliapa hajaigusa.

Ndipo Chuma akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona Bosi amesimama, akashindwa. Akasukuma mlango wa ofisi bila kubisha. Harufu ikampokea. Bosi alikuwa kwenye kiti chake, amezama hadi kwapa, ndevu hazijanyolewa, na kiti kina mto mpya.

"Nilikuona siku ile ukichoma gunia tupu," Bosi alisema polepole. "Nikasema nitakufukuza. Halafu nikaishika ile sufi. Na mimi ni fundi, Chuma."

"Nifukuze kesho. Leo inuka."

"Ngoja kidogo."

Na chini yake kitu kikasema pamoja naye, "Ngoja kidogo."

Chuma hakurudi nyuma hata hatua. Alipiga kelele Msumari alete mkasi na kiberiti, akampitishia Bosi mikono kwapani. Mzee alikuwa mzito kuliko kochi lolote alilowahi kubeba, na kiti kilimng'ang'ania kama tope. "Sukuma na wewe, Bosi! Mimi sikubebi, nakusaidia tu!" Alimwona akikunja uso, akikanyaga sakafu, akitafuta miguu yake. Bosi alilia kwa sauti mbele ya mafundi wake wote, lakini alilia akiwa amesimama.