Ndoo ya Wachelewaji

"Mwalimu, mimi kuchelewa sikujui. Muulize mama yangu, hata siku ya kuzaliwa nilimtangulia mkunga."

Luhaga aliyasema hayo akiwa nje ya geti lililofungwa. Kengele imeshalia, watoto wote wameshaingia darasani, kasoro mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa amemshika mkono.

Mwalimu Blandina alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kwa hiyo saa yangu ndiyo imewahi?"

"Saa za siku hizi, mwalimu. Hazina adabu."

"Na jana?"

"Jana ng'ombe walifunga njia."

"Juzi?"

"Juzi hao hao walikuwa wanaenda."

Mwalimu akabana midomo asicheke. Akafungua geti kidogo, akampitisha mtoto, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu.

"Chukua. Mti wako unaujua."

Hapo niwaeleze. Shule ile iko Bariadi, upande wa kuelekea Dutwa, na mwalimu mkuu, Mzee Mahona, ana utaratibu wake. Mzazi akichelewesha mtoto hafokewi. Anapewa ndoo, anachota kisimani, anamwagilia mche wa mwarobaini wa mtoto wake pale kwenye uzio. Jua la Simiyu mnalijua. Miche ya wazazi wanaowahi ilikuwa imesimama kama njiti za kiberiti. Wa Luhaga ulikuwa umempita mwenyewe kifua, majani yanang'aa, kunguru wameshaanza kuulizia kiwanja.

Alimwagilia taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mwalimu alisimama pembeni kusimamia adhabu.

"Mwalimu, umependeza."

"Maji yanamwagika nje ya shina."

"Na yenyewe yamekuona."

"Luhaga!"

"Naam, mwalimu."

"Mwagilia uende."

Akaenda. Lakini alienda akipiga mluzi.

Sasa mimi nikisimulia sifichi kitu, hata punje. Kwa hiyo shikeni ukweli wote: Luhaga hakuwa mchelewaji. Ana duka la mbegu na dawa za pamba, na hulifungua wenzake wakiwa bado wanatafuta ndala uvunguni. Mtoto yule, Elina, ni wa dada yake Ernestina, anayeuza dagaa kule Lamadi. Kila asubuhi mjomba na mtoto walifika geti likiwa wazi kabisa. Wakishafika, wanakata kushoto, wanajichimbia kwenye kibanda cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Fundi mwenyewe ni kijana mmoja hivi, mtanashati, roho safi, jina lake halituhusu.

"Mjomba, twende. Wameanza kuimba," Elina alikuwa akisema, amekaa juu ya furushi la vitambaa.

"Subiri kidogo, mama. Sasa hivi mwalimu amezungukwa na watu."

"Bado, bado, tulia," yule fundi alikuwa akichungulia kwenye upenyo. "Haya, kengele hiyo! Kimbieni mhemee kidogo, mwonekane mmetoka mbali!"

Watoto wenzake wakiimba mstarini ng'ambo ya barabara, Elina naye aliimba chini ya sare zilizoning'inia, kwa sauti ndogo, maneno yote, mpaka mwisho. Luhaga alimtazama akatabasamu. Alidhani mtoto ana furaha.

Ikaja Alhamisi. Luhaga akafika anahema kwa ustadi, akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu! Leo pancha..."

"Leo sikupi ndoo."

"Nimesamehewa?"

"Elina, ingia darasani, mama." Mwalimu alingoja mtoto apotee mlangoni. "Luhaga, unajua Elina ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo wa asubuhi?"

"Elina wangu?"

"Ana sauti kuliko wote. Wiki nzima namwachia nafasi yake mbele, iko wazi. Wenzake wanamtafuta kwa macho. Jana nikampa Constantine."

Luhaga akatafuta utani. Aliupekua moyo wote, hakuna.

"Hakuniambia."

"Hata mimi hakunilalamikia. Alikuja tu, akaniuliza kama nafasi ikishachukuliwa huwa inarudi." Mwalimu akarudishia geti. "Nenda kazini kwako."

Siku ile Luhaga alimuuzia mteja mbegu za mahindi badala ya alizeti, na chenji akasahau kurudisha. Kila alipofumba macho aliisikia ile sauti ndogo chini ya sare.

Kesho yake walifika, na hawakukata kushoto. Wakaingia moja kwa moja. Jumatatu hivyo hivyo. Akawa mzazi mwema kama wengine: anafika, anamwachia mtoto getini, anaondoka. Mwalimu Blandina alikuwa kule mbele anapanga mistari. Salamu yao ikawa mkono wa mbali tu.

Wiki ya pili, ujumbe wa Mwalimu Blandina ukaingia kwenye simu yake akiwa dukani.

"Mti wako umeanza kunyong'onyea."

Luhaga akausoma mara ya kwanza, akafuta miwani ambayo hakuwa ameivaa, akausoma tena. Akajibu:

"Pole yake. Mwenye mti siku hizi anawahi."

"Nimeona."

"Umefurahi?"

Wateja wakaja, wakaondoka. Ndipo jibu likaingia:

"Kama mwalimu, ndiyo."

"Na kama Blandina?"

"Nina madaftari ya kusahihisha."

Luhaga akacheka peke yake mpaka jirani akamuuliza kama ameonja dawa ya pamba.

Raha hiyo haikufika mbali. Siku iliyofuata, mwalimu alimshika Elina bega, akamwambia, "Hongera. Mjomba wako amejifunza kuwahi."

"Siku zote tunawahi, mwalimu," Elina akajibu bila hiana. "Ila tulikuwa tunajificha kwa fundi mpaka kengele ilie."

Mapumziko ya uji yalipofika, Mwalimu Blandina alikuwa ameshasimama mbele ya duka.

"Una dawa ya mdudu mwongo?"

"Ipo, mwalimu, ila mpaka nimjue mdudu mwenye..." Luhaga akaona macho yake. Akaishia hapo hapo.

"Ulikuwa unafika mapema?"

"Ndiyo."

"Unamfungia mtoto kwenye kibanda ili uje kunichekea mimi getini?"

"Blandina, kabla ya kengele una wazazi wote. Baada ya kengele ulikuwa na mmoja."

"Namba yangu unayo kwenye kundi la wazazi. Mbegu za mchicha nanunua hapa hapa. Kanisani unakaa benchi la nyuma yangu, nakusikia unavyokohoa. Kote huko ulikosa mdomo?"

"Kote huko nilikosa. Nikiwa na ndoo mkononi naweza kuongea. Bila ndoo nakuwa bubu."

Kidogo mwalimu alegee. Akajikaza.

"Kule kwetu Nyashimo, baba alikuwa ananisahau shuleni. Wenzangu wote wameshachukuliwa, mimi nimebaki na mlinzi, tunahesabu magari ya Musoma. Nikaapa, mtoto wa darasa langu hatasubirishwa kwa starehe ya mtu mzima. Halafu anatokea mtu ambaye mimi..."

"Ambaye wewe nini?"

"Ambaye namwagilia mti wake kwa mikono yangu hii kila jioni, watoto wakishaondoka, halafu namwandikia kwamba unanyong'onyea! Mjinga mimi!"

Machozi yakamtoka. Luhaga akazunguka meza ya duka, akasimama hatua moja kutoka kwake, hakuthubutu zaidi.

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Si wimbo wangu ulioibiwa."

Jioni, nyumbani, Luhaga alimkuta Elina anapukuchua mahindi na bibi yake. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mjomba wako amekukosea. Nilikuwa nakuchelewesha makusudi."

"Ulikuwa unataka kumwona mwalimu?"

"Ndiyo."

"Si ungeniambia, ningemwita."

Bibi akaangua kicheko, punje zikamwagika. Luhaga hakucheka.

"Nipe adhabu. Yoyote."

Elina akafikiri kweli kweli, kidole mdomoni.

"Tuimbe wote wawili. Mstarini. Na mikono unyanyue."

Asubuhi yake Mzee Mahona akakubali, Constantine akapisha. Elina akasimama mbele, soksi zimevutwa mpaka magotini, na pembeni yake likasimama jitu zima na kofia mkononi. Mtoto akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake, safari hii mchana kweupe, mpaka wapita njia wakasimama. Mjomba akadakia. Jamani! Mashine ya kusaga ikikosa mkanda ina nafuu. Watoto wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Luhaga akaendelea, mikono juu, jasho linamtoka, maneno anayakosea, na Elina anamnong'oneza yanayofuata.

Mwalimu Blandina aligeukia uzio. Mabega yalikuwa yanatikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia.

Mstari ulipovunjika, Luhaga alimfuata.

"Mwalimu, leo sijachelewa."

"Nimeona."

"Basi ndoo sipati?"

Blandina akajipangusa macho kwa kiganja. Akaiinua ndoo mwenyewe, akamsogezea upande mmoja wa kishikio chake.

"Shika hapo. Tubebe wote."

Mti wa Elina ulikunywa maji siku ile mpaka ukashiba.

Posa ilipopelekwa Nyashimo, Luhaga na wazee wake walifika mapema mno, wenyeji wakiwa bado wanafagia uwanja. Aliyekosekana ni baba mkwe. Alichelewa kwenye posa ya binti yake, nyumbani kwake mwenyewe. Blandina alisimama mlangoni anatazama barabara, uso umemshuka, kama yule mtoto wa zamani. Luhaga akatoka akasimama kando yake.

"Wewe kaa ndani na wageni," Blandina akamwambia.

"Hapana. Leo unamsubiri na mtu. Haya, tuhesabu magari."

Gari la saba, mzee akashuka, mbuzi begani, anaomba radhi. Alisamehewa.

Harusi ilikuwa hapa hapa Bariadi. Wakaomba mtu wa kuwasimulia wageni mapenzi yale yalikoanzia, na nani tena mwenye kipaji hicho kama si mimi? Nikachukua kipaza sauti, nikasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, sikubakisha kitu. Nikamalizia kwa madaha:

"Na yule fundi aliyewaficha, ndugu wageni, mpaka leo hajulikani!"

Elina akapanda juu ya kiti, gauni lake jeupe limemkaa vizuri.

"Anajulikana! Ni wewe, Fundi Josia! Wewe ndiye ulikuwa unasema 'bado, bado, tulia'!"

Ukumbi ukalipuka. Nikatazama mlango, uko mbali. Luhaga akainamia soda yake kama hanijui. Bibi harusi akageuka polepole, na shela nililomshonea mimi mwenyewe, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Jumatatu asubuhi, fundi," akasema. "Ndoo utaikuta getini."