Kompyuta Iliyozima Katikati ya Wasifu

Rozina huchapa wasifu wa marehemu. Huchapa na mambo mengine pia: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule za jirani. Lakini watu wa mtaa wake wa Igogo wanamjua zaidi kwa wasifu. Msiba ukitokea, familia humtuma ndugu mmoja kwake. Ndugu huyo hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza, anasimulia, na Rozina anaandika. Marehemu alizaliwa wapi. Aliolewa na nani. Aliugua nini. Karatasi hiyo husomwa mbele ya jeneza, watu wakiwa kimya, kisha familia huitunza.

Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Mume wake, Ooko, ni fundi seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Binti yao, Princess, anasoma shule ya bweni.

Kuna majira ambapo wadudu wadogo wa ziwani huja kwa wingi kama moshi. Hutoka majini, hufuata taa za nyumba, na asubuhi watu huwafagia wakiwa wamekufa lundo. Mwaka jana Ooko aliwaona wakiingia kwenye matundu ya kompyuta ya mke wake. Alikwenda karakana, akachagua mbao nzuri, akatengeneza kabati dogo la kuweka lile boksi la kompyuta ambalo watu huliita sipiyu. Kabati lilikuwa na mlango mbele. Nyuma alilifunga kwa ubao, akaacha tundu la kupitisha nyaya tu. Alilipiga msasa na vanishi mpaka likang'aa. Rozina alifurahi sana. Kila aliyeingia ofisini alilisifia.

Baada ya muda, kompyuta ilianza kujizima. Rozina anaandika, mara skrini inakuwa nyeusi. Mwanzoni alidhani umeme umekatika. Akitazama juu, taa inawaka. Ooko akabadilisha waya, akabadilisha na soketi ya ukutani. Haikusaidia. Kijana mmoja aliyesifika mtaani kwa mambo ya kompyuta akasema ni virusi, dawa yake ni kuifuta yote na kuanza upya. Rozina alikubali. Wasifu wote aliokuwa ameuhifadhi ukapotea siku hiyo. Kompyuta ilikaa vizuri asubuhi moja, kisha ikaanza kujizima tena.

Rozina alizoea kuishi na ugonjwa huo. Ikizima, anaiwasha. Aliendelea hivyo mpaka siku aliyokuja Hellen.

Hellen alifika asubuhi akiwa amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Mama yake, Achola, alikuwa amefariki hospitalini. Mwili ungesafirishwa alfajiri ya kesho yake kwenda nyumbani Rorya, mkoani Mara, kwa mazishi. Watoto wengine walikuwa mbali, kwa hiyo wasifu ulikuwa juu yake. Rozina alimpa pole, akampa maji ya kunywa, akawasha kompyuta, akafunga mlango wa kabati kama kawaida.

Hellen alianza kusimulia. Alisema mama yake alizaliwa ufukweni, na aliwafundisha watoto wake kuogelea kabla ya kuwafundisha kupika. Alisema alikuwa akianika dagaa juu ya mawe huku ana mtoto mgongoni. Alizika watoto wawili. Alipokuwa mtu mzima sana, alijiunga na darasa la kisomo ili aisome Biblia mwenyewe. Kisha Hellen akafika kwenye habari za hospitalini. Alisimulia polepole. Mama aliomba uji. Hellen alitoka kwenda kuutafuta. Aliporudi na kikombe, manesi walikuwa wameshavuta pazia.

Hapo skrini ikawa nyeusi.

Rozina alikuwa akiandika tu bila kuhifadhi, kwa kuwa hakutaka kumkatiza. Aliomba radhi. Alipoiwasha, hakukuwa na hata mstari mmoja. Hellen akavuta pumzi, akaanza upya. Safari hii alisimulia kwa ufupi. Habari za kuogelea hakuzitaja. Alipofika kwenye darasa la kisomo, kompyuta ikazima tena.

Mara ya tatu haikufika hata kwenye ndoa.

Rozina aliondoa mikono kwenye kibodi. Hellen alikuwa anatazama sakafu.

"Andika tu kwamba alizaliwa na akafa," alisema. "Mengine siwezi kuyasema tena."

Alinyanyuka, akasema atarudi alasiri kuchukua karatasi yoyote itakayokuwepo. Rozina alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi, alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akalia. Kisha akaenda kumgongea Getruda.

Getruda ni jirani yao wa nyumba ya tatu. Anafanya kazi katika kiwanda cha samaki, kazi yake ni kutunza kompyuta za pale. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, anafua. Rozina alimweleza yote: kujizima, kufutwa kwa virusi, na msiba wa Hellen. Getruda alijifuta povu mikononi, akauliza swali moja. Alitaka kujua kama kompyuta, kila ilipowashwa tena, ilikaa muda ule ule au ilizima mapema zaidi.

Rozina alifikiri. Mara ya kwanza Hellen alifika hospitalini. Mara ya pili, darasa la kisomo. Mara ya tatu hata ndoa hakuifikia.

"Mapema zaidi," alisema.

"Basi sidhani kama ni virusi, Mama Princess. Hilo linafanana na joto. Inazima kabla haijaungua. Wewe unaiwasha ikiwa bado ya moto, kwa hiyo haichukui muda inafika pale pale."

Walikwenda ofisini pamoja. Getruda alifungua mlango wa kabati, akaingiza mkono. Hewa ya ndani ilikuwa kama ya jikoni. Aliwasha kompyuta, na ilipokuwa inaamka akabonyeza kitufe kilichofungua ukurasa wa mipangilio. Ukurasa huo huonyesha joto la prosesa. Alimweleza Rozina kwamba prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kwamba ikiwa imetulia hivi, joto lingekuwa nyuzi arobaini hivi au hamsini. Lilisoma themanini na tano, na lilikuwa bado linapanda.

Akaizima. Alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Alisema mtu asifungue kompyuta iliyochomekwa. Akasema pia kuna boksi dogo la chuma humo ndani linalopokea umeme, na hilo halifunguliwi kabisa. Wakaibeba sipiyu hadi nje, kwenye kivuli cha karakana, wakaacha ipoe. Ooko aliacha randa akasogea kutazama.

Getruda alifungua ubavu wa sipiyu. Kabla ya kugusa kitu cha ndani, aligusa chuma cha boksi, kwa sababu mwili wa mtu hubeba umeme mdogo unaoweza kuharibu. Kisha akawaonyesha. Juu ya prosesa kulikuwa na kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni ndogo. Prosesa hutoa joto, mapezi hulipokea, feni hulipuliza nje. Lakini mapezi hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililochanganyika na wadudu wa ziwani, likashikana kama blanketi.

Aliishika feni kwa kidole isizunguke, akasafisha kwa brashi laini ya rangi, akapuliza kwa pampu ya mkono. Vumbi likatoka kwa vipande. Kisha akakifungua kile kipande cha alumini. Chini yake, pale kinapogusana na prosesa, palikuwa na dawa iliyokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi.

Aliwaeleza kwamba dawa hiyo, ambayo mafundi huiita pesti, hupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye mapezi. Ikikauka, joto halipiti vizuri. Rozina akasema aliwahi kusikia watu wanaweka dawa ya meno. Getruda akasema wasifanye hivyo. Dawa ya meno hukauka upesi, na maji yake huweza kuharibu kompyuta. Aliifuta ile ya zamani kwa kitambaa safi chenye spiriti, akaacha pakauke, akaweka tone dogo la pesti mpya aliyotoka nayo nyumbani. Alirudisha mapezi na feni, akakaza skrubu kidogo kidogo, upande huu na upande wa pili.

Ooko ndiye aliyeuliza kuhusu kabati. Getruda alijua ni nani alilitengeneza.

"Ni kazi nzuri, shemeji," alisema. "Lakini haipumui humo ndani. Hewa ya moto inayotoka nyuma inagonga ubao na kurudi."

Ooko alikuwa amelitengeneza ili kompyuta isipate madhara. Kisha aliingia ofisini, akalitoa kabati, akalilaza juu ya meza yake ya kazi, na kuukata ubao wote wa nyuma. Aliung'oa na mlango. Rozina alimtazama akiitoa misumari, mmoja mmoja, na akamshika bega.

Waliliweka kabati mbali kidogo na ukuta. Walipowasha, joto lilisoma arobaini na sita, likakaa hapo hapo. Feni ilikuwa inavuma taratibu.

Hellen alirudi alasiri. Rozina hakuwa na karatasi ya kumpa. Alimweleza kwamba kompyuta imetengenezwa, kisha akamwomba jambo ambalo aliona aibu kuliomba: asimulie mara moja tu, tangu mwanzo. Hellen alikaa muda mrefu akitazama ziwa. Halafu akaanza.

Alisimulia yote. Ufukwe, kuogelea, dagaa juu ya mawe, watoto wawili waliozikwa, darasa la kisomo. Kila aya ilipokwisha, Rozina alibonyeza kuhifadhi. Walipofika kwenye uji, Hellen alisita. Rozina akasubiri. Skrini iliendelea kuwaka.

"Andika kwamba aliomba uji," Hellen alisema, "na kwamba binti yake alikwenda kumletea."

Rozina akaandika hivyo. Alipomaliza, alimsomea kwa sauti, kuanzia juu hadi chini. Hellen alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ndiye mama," alisema.

Kesho yake karatasi hizo zilikwenda Rorya pamoja na jeneza.

Siku hizi Rozina na Ooko huitoa sipiyu nje mara kwa mara na kuisafisha, hasa wadudu wa ziwani wakishapita. Kabla ya kuifungua huichomoa kwanza. Wakati mwingine Rozina hufungua ule ukurasa wa mipangilio kutazama joto. Kila kazi anayoandika ana nakala yake kwenye flashi. Na mtu akija kwake na msiba, akakaa kwenye kile kiti na kuanza kusema habari za mtu wake, anazisema mara moja tu.