Ufunguo wa Pili wa Pikapu

Siku ya soko hapa Mushaki hakuna anayesikia la mwenzake, lakini siku hiyo watu wote walimsikia Uwitonze. Alisimama kando ya pikapu ya baba yake, kitenge cha njano kimembana kiunoni, buti za mpira zimejaa tope, akipekua mkoba uleule ambao ameshaupekua. Nyuma ya gari bidoni za maziwa zilikuwa zinaanza kupata joto. Ufunguo wa gari ulikuwa umepotea.

Fundi wa sokoni alikuwa amemchongea mwingine, na watazamaji walishangilia ulipozunguka bila kukwama. Injini ikaguruma kidogo, ikazima. Akajaribu tena, ikazima tena.

"Dada, uache. Utamaliza batri."

Uwitonze aligeuka akiwa amewaka, na hasira zikampungua kabla hajamaliza kugeuka. Kijana aliyesema alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kana kwamba tope la Mushaki halimhusu, begi jeusi begani. Jina lake Symphorien, mzaliwa wa Ntoto, huko Walikale. Alikuwa na karakana yake ya umeme wa magari mjini Sake, na siku hiyo alikuja kutengeneza taa za lori.

"Wewe njo nani, unanikataza gari yetu?"

"Mimi njo muntu mwenye anajua juu ya nini inazima. Ile ufunguo yenye ilipotea ilikuwa na puce, kadude kadogo ka umeme, ndani ya plastiki. Ukiiingiza, gari inauliza: wewe ni nani? Puce inajibu na code yake. Hii ya leo iko na meno tu, haina kitu ya kujibu."

"Kumbe gari inachaguaka mwenye itasikiliza?"

"Sawasawa na wasichana ya Mushaki."

Wauza viazi waliangua kicheko. Uwitonze alitaka kununa, akashindwa.

Symphorien akabandika puce mpya kwenye ufunguo wa fundi, akachomoa mashine ndogo kwenye begi na kuiunganisha chini ya usukani. Uwitonze akainama kuangalia, na hofu yake ya kweli ikamtoka mdomoni. Pikapu ile ndiyo iliyolisha nyumba yao. "Na mwenye ameokota ile ingine? Si atakuja kuondoka nayo?"

"Nitaifuta kwa mémoire, ile akili ya gari. Atafungua mulango, atakaa ndani, hata alale kama anapenda. Lakini moteri haitawaka." Akatazama kioo cha mashine. "Sasa tungojee kidogo. Gari yenyewe njo inatuomba. Ni usalama, juu mwizi hapendake kungojea."

"Nawe unapendaka kungojea?"

"Leo ninapenda sana."

Wakangojea wakiwa wameketi kwenye kiti kimoja cha mbele, mlango wazi. Symphorien alimweleza misitu ya kwao, ambako hakuna ng'ombe na yeye maziwa humuumiza tumbo, naye Uwitonze akamweleza ng'ombe wa kwao mmoja mmoja kwa jina. Injini ilipowaka, wote wawili walisikitika kidogo. Maziwa yalifika Sake yakiwa mazima, na simu ya Uwitonze ilikuwa na namba mpya.

Zikaanza simu za kila jioni.

"Chéri, umekula?" Uwitonze alimwuliza mpenzi wake.

"Nimekula sauti yako."

"Muongo! Utakufa na njaa."

Basi wakapendana, na si kwa mzaha. Symphorien alishuka na kupanda barabara ya Sake na Mushaki mpaka madereva wakamzoea, na Uwitonze akaanza kuvaa vitenge vyake vya kanisani kupeleka maziwa.

Kisha gari likaanza kuwaka kwa taabu. Symphorien alikuwa safarini, kwa hiyo Uwitonze akalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mpole, ambaye aliunganisha mashine yake na kusema bila ubaya wowote: "Shida iko batri tu. Funguo zako mbili ziko sawa."

"Mbili? Niko na moja, Papa."

"Gari inajua mbili, mwanangu."

Alimpigia Symphorien palepale.

"Ufunguo ya pili iko wapi?"

"Siku ile niliandikisha mbili. Ya pili niliipeleka kwa papa yako," alisema. "Gari ni yake. Nilipenda anione."

"Na hukuniambia?"

"Nilisikia haya. Hakunipokea vizuri."

Uwitonze aliendesha mpaka nyumbani na kumkuta baba yake, Papa Bayingana, ameegemea fimbo yake uani. Akamwuliza kama kijana wa Ntoto alishafika pale. Mzee hakumtazama. "Hakuna muntu wa Ntoto alishaingia kwa nyumba yangu."

Ilitosha. Mwanamume anayeweka ufunguo wa gari la wenyewe na kulitwika jina la mzee wa watu uongo, huyo ni mwizi anayengoja siku yake. Uwitonze alimwambia hivyo kwenye simu, kwa maneno makali kuliko haya, akamfungia namba. Symphorien akafunga karakana yake Sake akarudi Ntoto kwa mama yake. Nyumbani Mushaki, Uwitonze akawa anakamua, anapakia, anauza, na hacheki na mtu.

Mama yake, Thacienne, ndiye aliyechoka kwanza. Alimfuata zizini.

"Ule kijana alifika. Aliketi kwa kiti ya wageni, alitoa ufunguo na mikono mbili. Papa yako alimupatia maziwa, akasema hapana, asante."

"Alikataa maziwa?"

"Alikataa. Unajua papa yako. Kwake, mwenye hakunywa hakuingia."

Uwitonze alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alipandisha sauti mbele yake. "Papa, kwao hakuna ng'ombe! Maziwa inamuumizaka tumbo. Aliogopa kupata haya mbele yako!"

Papa Bayingana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kufikiri kuwa duniani kuna tumbo linaloweza kukataa maziwa. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo umefungwa kwenye kitambaa safi.

"Nilizania ananizarau," alisema.

Barabara ya Ntoto si ya pikapu, kwa hiyo Uwitonze alikwenda kwa pikipiki, akafika amejaa matope hadi nyusi. Symphorien alikuwa uani akipasua kuni. Aliweka shoka chini.

"Nilikuita mwizi," Uwitonze alisema, na machozi yakamtangulia. "Unisamehe. Ninakupenda na nilikuita mwizi."

"Na mimi nilinyamaza. Ningekuambia kila kitu siku ileile." Akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba, taratibu. "Umekonda, chérie."

"Nani angenikulisha sauti?"

Mama Dorothée, mama yake Symphorien, hakuuliza maswali. Alitenga ugali na sahani ya viwavi vya kukaanga, kama anavyomtengea kila mgeni. Symphorien akaruka. "Mama, kwao hawakulaka hizi!"

Uwitonze alikuwa ameshachukua kimoja. Akakitafuna macho ameyafumba, akameza, akachukua kingine. Mama Dorothée alimsogezea sahani karibu zaidi.

"Sasa mimi nitafanya nini kwa papa yako?" Symphorien aliuliza kwa sauti ya chini. "Nitakunywa, hata kama inaniumiza."

"Usikunywe. Mama atakupikia chai. Papa mwenyewe njo alisema." Akainamisha kichwa, akaendelea kama anayezungumza na sahani. "Na alisema ulete baba zako wakubwa."

"Alisema baba zangu wakubwa?"

"Alisema waje kuongea mambo ya mahari, kabla mvua haijaharibu barabara."

Symphorien alimtazama mama yake, akamtazama Uwitonze, akainuka bila kunawa mikono. Walimsikia akikimbia kijijini, akiita jina la baba yake mkubwa kabla hata hajafika mlangoni kwake.