Eti Athieno Alinitazama Nikila

Nina miaka ishirini na mitatu, kwetu ni Lumino, nauza mitumba Busia upande wa Uganda. Wasomaji wenzangu, nawaandikia nikiwa na hasira, msinishangae. Kuna watu wanastahili kuchekwa mpaka waone haya, na mmoja wao nilibakiza kidogo tu nimwite mume!

Anaitwa Wandera. Anapitisha mizigo ya watu mpakani, shati limenyooka, kiatu kinang'aa. Akinipigia simu lazima nipokee hapo hapo, la sivyo ni matusi. "Uko wapi saa hii? Washa video nione!" Basi nawasha, namwonyesha kibanda chote, athibitishe hakuna mwanaume aliyejificha nyuma ya sketi. Banange! Mtu mzima na ndevu zake anakagua mitumba kwa simu! Na mimi, mjinga wa mwisho, nikaita hayo mapenzi...

Tumbo lilianza hapo. Simu ikilia tu, utumbo unajikunja, nakimbia chooni. Nikila, chakula kinarudi. Kifua kinawaka, usingizi hakuna, nguo zinanipwaya.

Aliyenihangaikia ni Athieno, rafiki yangu wa Tororo tuliyepanga naye chumba kimoja. Alinipikia uji, alinifulia, tulikula sahani moja. Siku moja akaniambia, "Nabwire, huyo mwanaume ndio anakumaliza. Wacha yeye!" Kumbe simu ilikuwa bado hewani, Wandera anasikiliza.

Kesho yake Wandera akanipeleka kwa mama yake. Mama akanitupia jicho mara moja tu, akatoa hukumu: nimetazamwa nikila. Huku mpakani wanaamini kuna watu wenye jicho baya, wakikutazama ukila, chakula kinakwama tumboni na kuoza. Akaitwa mwanamke wa kukitoa.

Alinipaka samli, akanisugua tumbo kwa fundo la majani mpaka ngozi ikachubuka. Akafungua fundo... mwiba wa samaki! Mimi samaki sili tangu utotoni, vinanitoka vipele! Nikasema. Nani alinisikia? Watu wazima wameinamia mwiba, midomo wazi, wanamshukuru Mungu. Nkt!

Mwanamke akauliza ninakula na nani. Kabla sijafungua mdomo, Wandera akajibu, "Athieno." Hata mate hakumeza! Nilimtazama usoni nikaona haamini upuuzi ule hata kidogo. Alitaka tu nibaki peke yangu.

Asubuhi akaja na mama yake mpaka kwenye ploti yetu. Walimwita Athieno mchawi wa macho mbele ya wapangaji wote. Majirani, waliokuwa wakimwomba chumvi kila siku, wakaingiza sahani zao ndani! Athieno akanigeukia, akangoja niseme neno moja tu. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka... tumbo likanikata, nikakimbilia chooni. Nilipotoka, ameshapakia godoro kwenye boda boda na kuondoka.

Haya, mchawi kafukuzwa, nilipona? Thubutu! Nilizidi kuharisha mpaka nikaanguka sokoni, nikapelekwa hospitali Tororo. Wakapima taifodi, vidonda vya tumbo, minyoo... hakuna. Daktari akaniuliza maumivu huanza nikiwa nafanya nini. Nikiwa bado nafikiri, simu ikalia. Wandera! Nikamuuliza daktari choo kiko wapi.

Niliporudi alinieleza taratibu kwamba hofu ya muda mrefu huuvuruga utumbo, na kwamba vijana wengi humjia na matumbo ya namna hiyo, vipimo safi, moyo umejaa. Akanipa dawa, akanipeleka kwa mshauri niyaseme yote. Nililia pale kama mtoto!

Nilimwambia Wandera basi, imekwisha. Akacheka, eti nani ataoa tumbo la kuhara? Hayo ndiyo maneno ya bwana shati limenyooka! Nikamwambia akauoe ule mwiba, nikafunga namba yake. Tumbo halikupona siku hiyo, nisiwadanganye. Hata leo simu ikilia ghafla linashtuka, lakini nakula na chakula kinakaa.

Nikaenda Rubongi, Athieno anakaa huko kwa mjomba wake. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha. Hakunitukana. Alipika, akaniandalia, kisha akachukua sahani yake, akageuza kigoda na kuketi akitazama ukuta, mgongo kwangu.

"Kula tu, Nabwire," akasema. "Mimi sikutazami."

Nilimsihi ageuke. Nilimsihi, jamani... Hakugeuka mpaka nilipomaliza kula, machozi yakinidondokea kwenye sahani.

Vijana wenzangu, nawaomba. Tumbo likiwasumbua na vipimo havioni kitu, jiulizeni mnamwogopa nani. Nendeni hospitali, mseme na yaliyo moyoni, si ya tumboni tu. Na akija mtu na fundo lake la majani kuwatajia mchawi, mfukuzeni yeye kwanza, kabla hajawafukuzia mtu wenu. Mimi wangu nilimpata, lakini mpaka leo tukila pamoja ananipa mgongo.