Malka ya Uongo

Lori lilikuwa Canter jeupe lenye turubai la kijani na nambari za usajili za kughushi.

Godhana alikuwa amelifuata kwa pikipiki tangu alfajiri, kutoka Madogo, kilomita mia mbili na zaidi za lami, mashimo na matope, akiwa na bastola ya Glock kiunoni na mgongo ulioanza kulalamika. Hola ilipita. Wenje ilipita. Saa nne kasorobo, karibu na njiapanda ya Minjila, lori lilikuwa mbele yake mita mia tatu tu.

Ndipo askari wa barabarani akainua mkono.

Lori lilipita. Pikipiki ikasimamishwa.

Jasusi wa serikali hawezi kumwambia askari wa barabarani kwamba yeye ni jasusi wa serikali. Kwa hiyo Godhana alivua helmeti, akatoa leseni, akaonyesha bima, akaulizwa riflekta iko wapi, akahubiriwa juu ya ajali. Alipoachiliwa, dakika kumi na moja baadaye, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.

Hii ilikuwa Alhamisi ya nne. Kila Alhamisi lori hilohilo, limebeba fataki za kulipulia mabomu zilizovushwa mpakani, liliingia Garsen na kumezwa. Saa tisa na nusu lilionekana tena likirudi, tupu. Mzigo ulihamishwa mahali fulani na kuteremka Pwani, na hakuna aliyejua ungelipuka wapi. Godhana aliichukia Alhamisi kama mtu anavyolichukia jino bovu.

Simu ya setilaiti ilitetemeka kifuani. Thuraya. Nairobi.

"Umelipoteza tena," alisema Truphena, mkuu wake.

"Nilisimamishwa, Madam."

"Achana na lori. Mkeka umekunjwa. Jina ni Kahaso Menza."

Mkeka ukikunjwa, maana yake ni moja: kamata, leta, usiulize.

Truphena alieleza kwa sentensi fupi. Kahaso alikuwa mwanamke, mwalimu wa hesabu na kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi ukingoni mwa Tana, nje ya Garsen. Yeye ndiye aliyeunda hifadhidata inayopanga masomo ya chuo kizima. Wachambuzi wa Nairobi walikuwa wameinyaka nakala yake jana, na humo wakakuta kwamba kila Alhamisi lori lilipotoweka, karakana namba tatu, ile ya injini za boti iliyo kando ya mto, ilifungwa kuanzia saa nane hadi saa tisa. Aliyeifunga, kwa mujibu wa mashine, ni Kahaso. Jioni hiyo angepandishwa ndege. Watu wanaopandishwa ndege hiyo hukaa rumande miezi kabla ya kusomewa shtaka lolote.

Godhana aliwasha pikipiki. Kitu kilimsumbua. Mhalifu gani anaandika uhalifu wake kwenye ratiba na kuutia sahihi?

Langoni alizuiwa na bawabu aitwaye Dhadho, mzee mwenye kofia ya polisi wa zamani, aliyemtaka aandike jina, nambari ya kitambulisho, atokako, aendako na sababu. Kalamu haikuandika. Dhadho alienda kutafuta nyingine. Godhana alisimama pale akiwa na Glock, Thuraya na amri ya serikali, akisubiri kalamu.

Saa nne na dakika arobaini aliingia ofisini.

Kahaso alikuwa chini ya meza, akipigana na nyaya. Alitoka na utando wa buibui kichwani, akamtazama, akauliza kama amekuja na betri. Tangu Januari alikuwa ameomba fundi. Godhana aliona ni rahisi zaidi kuwa fundi kwa muda, akasema kwanza angependa kuona mashine inafanya nini.

Mwalimu hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa na hasira ya miaka.

Zamani, alisema, ratiba ilikuwa karatasi ukutani. Walimu wawili wanakutana darasa moja, wanabishana mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wa ng'ambo wanavuka kwa mtumbwi na kukuta somo limekwisha. Basi likizo zake zote za miaka miwili alizimalizia hapa, peke yake, akiunda hifadhidata yenye kujua kila chumba, kila mwalimu, idadi ya wanafunzi, nani anavuka mto na hawezi kufika mto ukijaa, na sala ya Ijumaa. Mkuu wa chuo hakufungua kozi bila kuiuliza kwanza kama nafasi ipo.

"Na sasa inanisaliti," alisema. "Kesho baraza la chuo linakaa. Mashine inasema kozi ya injini za boti ifungwe, kwa sababu saa yao pekee ya karakana, Alhamisi saa nane, imefungwa. Vijana arobaini na watatu. Wengine wametoka mbali, Kau. Wiki tatu hawajashika spana."

"Nani amefunga karakana?"

Aligeuza skrini. Alhamisi, saa nane. Kwenye safu ya sababu liliandikwa neno moja.

Malka.

Malka ni njia ya ng'ombe kufikia maji. Moja ilipita ubavuni mwa karakana namba tatu, na kiangazi, mifugo elfu mbili ikiteremka pale, hakuna mwalimu angesikika. Kahaso alikuwa ameiwekea safu yake katika hifadhidata. Wafugaji wanaarifu siku, ofisi inaingiza, masomo yanahama.

"Wiki tatu zote hukuuliza?"

"Kaka, malka haiulizwi." Sauti yake ilishuka. "Mimi ni Mgiriama. Shamba letu liko ukingoni. Mkulima akianza kuuliza ng'ombe wanapita kwa nini, watu wanasikia vita. Hapa tumezika watu. Nikiona malka nanyamaza, natafuta chumba kingine."

Godhana alitazama dirishani. Mvua ilikuwa imetulia. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, hazijakanyagwa na kwato hata moja.

Hasira ilimpanda taratibu. Setilaiti, wachambuzi, pikipiki, wiki nne za kula vumbi na matope, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu anayefuga.

"Mwalimu, mimi ni Muorma," alisema. "Huu ni mwezi wa Mei. Mvua imenyesha tangu Aprili, mabwawa ya bara yamejaa. Ng'ombe wako hukohuko bara, Wayu. Hakuna mfugaji wa kuwaleta huku kwenye mbu na matope. Hii malka ni ya uongo."

Kahaso alikaa chini.

Godhana alimuuliza nani analijua nenosiri lake. Mwalimu aliinua kibodi. Chini yake palibandikwa karatasi, nenosiri limeandikwa kwa wino mwekundu. Kompyuta ilikuwa moja na walimu kumi na tisa, na kila mmoja alikuwa na jambo la kuingiza.

Godhana alitaka kupiga ukuta ngumi. Yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye aliyeifunga karakana. Mahakamani, hiyo ni sawa na kusema ni Kahaso, mwenye nenosiri.

Akaonyesha kitambulisho chake. Akasema yote: lori, fataki, ndege ya jioni.

"Naogopa," alisema Kahaso.

"Unayo haki. Sasa futa malka."

Aliifuta. Mahali pake akaweka jaribio la vitendo la injini za boti, saa nane, karakana namba tatu. Akabonyeza. Mashine ikatuma ujumbe kwenye simu ya kila mwalimu. Aliyekuwa na haja na saa hiyo ingembidi aje kuirudisha malka, na kompyuta ilikuwa moja tu.

Kutoka mfukoni Godhana alitoa kamera yenye umbo la chaja, fahari ya maabara ya Nairobi. Aliichomeka. Kamera ilitafuta mtandao. Ikatafuta. Ikatafuta tena, kisha taa yake ikazima. Alitukana kwa Kiorma, akairudisha mfukoni, akajibanza nyuma ya kabati la karatasi za mitihani kama wapelelezi wa enzi za babu yake. Kahaso alienda darasani.

Dakika arobaini. Mbu walimla.

Saa sita na robo mlango ulifunguliwa. Aliingia naibu mkuu wa chuo, Bwana Johnson, mtu wa shati lililopigwa pasi, aliyehamia Garsen miaka miwili iliyopita na kusifiwa na wote kwa kuheshimu mila za wenyeji. Hakuinua kibodi. Nenosiri alilijua kwa moyo. Aliandika herufi tano.

"Nani kakuarifu?" aliuliza Godhana nyuma yake.

Johnson aliruka, kisha akajikusanya. Akatabasamu kwa upole wa mtu wa ofisi. "Ni mambo ya wafugaji, bwana. Mzee Guyo amenipigia. Anapitisha mifugo mchana. Mambo haya ni mazito, tusiyaingilie."

"Guyo yupi?"

"Guyo wa... huyu wa hapa."

"Guyo mwenye haki ya malka hii ni mjomba wangu. Jumapili nilikunywa maziwa kwake Wayu. Ng'ombe wake wamelala."

Mkono wa Johnson ulikwenda mfukoni. Glock ilifika mapema zaidi.

Sekunde kumi baadaye naibu mkuu alikuwa amefungwa pingu kwenye mguu wa meza ya chuma. Alikuwa amejifunza kwamba malka haiulizwi. Hakujifunza kwamba malka ina majira.

Godhana alipigia simu kituo cha polisi. Aliambiwa gari lipo, ila limekwama matopeni upande wa Tarasaa, na mkuu wa kituo yumo ndani yake. Labda saa tisa. Labda. Akapigia Nairobi, laini ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Basi angekuwa peke yake.

Saa nane kasoro dakika ishirini simu ya Johnson ililia. Ujumbe: *Leo?*

Godhana aliangalia jumbe za Alhamisi zilizopita. Jibu lilikuwa lilelile kila mara. Aliliandika.

*Nafasi ipo.*

Kahaso alirudi mbio kutoka darasani. Godhana alimtaka awaondoe watu wote upande wa mto bila kelele wala kengele. Mwalimu alikaa, vidole vikaenda. Vyumba sita, ukumbi mmoja, walimu saba. Mashine ilifikiri kidogo na kutuma. Baada ya dakika nne watu mia moja na sita walikuwa ukumbini upande wa barabara, wakinung'unika juu ya ratiba.

Saa nane kamili.

Canter liliingia kinyumenyume karakana namba tatu. Dereva alibaki kwenye usukani. Mgeni mwenye miwani myeusi aliteremka, akaita jina la Johnson.

Godhana alikuwa juu, kwenye boriti ya kuning'inizia injini.

Aliachia mnyororo. Injini nzee ya boti, Yamaha ya kilo tisini, ilishuka na kutua juu ya boneti. Chuma kilikunjika. Lori likazimika.

Mgeni alichomoa bastola. Godhana alimwangukia mabegani, wakabiringika kwenye grisi. Bastola ililia mara moja, ikatoboa bati. Kiwiko kimoja cha taya, kingine cha mkono. Bastola ikateleza chini ya meza ya spana.

Dereva alifungua mlango akimbie, akakuta mdomo wa Glock unamsubiri.

"Lala."

Alilala.

Nyuma ya turubai palikuwa na makreti kumi na mawili. Fataki zilipangwa ndani ya maranda ya mbao kwa uangalifu, kama mayai.

Polisi walifika saa tisa na dakika tano, matope hadi kiunoni, wakamsalimu Godhana kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Walichukua watu watatu na makreti yote, wakalikokota lori hadi barabarani. Laini ya Nairobi ilirudi saa kumi kamili, kwa kuwa sasa haikuhitajika.

"Kazi nzuri," alisema Truphena. "Ndege itatua saa kumi na nusu. Mlete na mwanamke, kwa maelezo. Na hiyo kompyuta ni ushahidi."

"Jina lake limesafishika, Madam. Johnson amekamatwa akiandika mwenyewe."

"Amri haijabadilika. Mwanamke na kompyuta."

Godhana alihisi uchovu wa tangu Madogo ukimshukia wote kwa mkupuo mmoja. Kahaso alisimama mlangoni mwa ofisi na chaki mkononi. Alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa amekwisha kuvua miwani na kuitia kwenye mkoba, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nyuma yake skrini ilikuwa bado inawaka. Godhana aliisoma safu kwa safu.

"Haiwezekani, Madam."

"Unasemaje?"

"Saa kumi ana hesabu, mwaka wa kwanza. Saa kumi na moja ana kompyuta. Kesho asubuhi baraza linaamua kozi gani iishi, na mashine inayowajibu ni hii. Ijumaa mchana kuna sala. Jumatatu imejaa." Aliteremsha kidole. "Jumanne, saa nne. Dakika arobaini. Mpelelezi aje yeye hapa, na langoni aandike jina."

Alizima Thuraya kabla ya jibu.

 Kahaso alitoa miwani mkobani, akaivaa, kisha akaenda darasani kwa sababu alikuwa amechelewa dakika tatu.

Godhana alipangusa grisi shingoni, akavaa helmeti, akaitembeza pikipiki kuelekea lango. Upande wa mto, vijana arobaini na watatu walikuwa wamefunguliwa karakana yao. Injini moja ilikohoa. Ikakohoa tena, ikazimika, mtu akacheka.

Kisha ikawaka.